Kamera inayotia pindo

Kwenye harusi ya shangazi, mwaka 1989, wifi yake alisimama mwisho kabisa upande wa kushoto. Alivaa gauni la kijani, nywele alizitengeneza tangu juzi yake, na kwa maelezo yake mwenyewe siku ile hakuna aliyemfikia isipokuwa bibi harusi. Picha iliposafishwa, akatoka giza. Sura ipo, ukikaza macho unamtambua, ila ni kama mtu aliyejibanza chini ya mwembe magharibi ikiingia, wakati maharusi pale katikati wanawaka kama wamewekewa taa. Wote waliosimama pembeni walifanywa hivyo hivyo. Na bahati mbaya, pembeni walikuwa watu wa upande wa mume.

"Mmetuweka kizani makusudi." Hiyo ndiyo kauli iliyokuja. Mpiga picha alikuwa baba mdogo, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwomba tena apige picha ya shughuli.

Kamera iliyofanya hayo sasa ninayo mimi.

Niliipata Magomeni, Dar es Salaam, siku niliyokwenda kumsaidia baba mdogo kutoa kabati lililokuwa linaliwa na mchwa. Kwenye droo ya chini kulikuwa na kibegi cha ngozi kilichokauka hadi kinapasuka, na ndani yake kidude cheusi, kizito kuliko kinavyoonekana, ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche. "Kirusi hicho," akasema bila hata kuinama. "Ukitaka chukua. Mimi kilinigombanisha na ukoo mzima."

Alirudi nayo mwaka 1987 kutoka Leningrad, mji ambao tangu 1991 umerudia jina lake la St. Petersburg, alikokwenda kusomea uhandisi. Inaitwa LOMO LC-A. LOMO ni kifupi cha jina la kiwanda cha huko huko kilichokuwa kinatengeneza vifaa vya macho, darubini za maabara na kadhalika. Mwaka 1984 kiwanda hicho kikaanza kuitoa kamera hii kwa wingi, baada ya kuitazama vizuri kamera ndogo ya Kijapani iitwayo Cosina CX-2 na kutengeneza ya kwao. Baba mdogo anasema aliinunua kwa kubana posho miezi mitatu, na mwezi mmojawapo aliishi kwa mkate na kabichi. Siku hizi kabichi haiingii nyumbani kwake.

Yenyewe haina mambo mengi. Chini ya lenzi kuna kiwiko. Ukikisukuma, kope inafunguka. Mwanga inapima yenyewe. Muda wa kuacha jicho wazi inachagua yenyewe, na kwenye jua kali inafumba na kufumbua kwa sehemu moja ya mia tano ya sekunde. Ukichungulia unaona vitaa viwili vyekundu: cha kushoto kinasema betri zina uhai, cha kulia kikiwaka ujue mwanga hautoshi, kwa hiyo tafuta ukuta uegemee. Kasi ya filamu, yaani wepesi wake wa kushika mwanga, imeandikwa kwa namba za Kisovieti, 16, 32, 65, 130 na 250, wakati filamu za dukani zinakuja na 100, 200, 400. Kwa filamu ya 200 naweka 130, na mpaka sasa sijajuta.

Betri ni tatu, zile za vidonge, LR44. Nilipeleka kamera kwa fundi saa wa Kariakoo, mzee mwenye kioo cha jichoni, akafungua kifuniko cha chini, akakuta kutu ya kijani. Akachukua kifutio cha penseli cha mwanafunzi, akasugua, akapuliza, akatumbukiza betri. "Hizi si ndizo za kalkuleta?" Kitaa cha kushoto kikawaka. Nikalipia betri tu. Ya kusugua alikataa.

Filamu ndiyo kazi. Nilimwagiza mtu anayekwenda Dubai kuchukua mzigo aniletee mbili, Kodak ColorPlus 200, kwa bei ambayo mama akiijua tutakosana, maana yeye bado anakumbuka filamu zilipokuwa zinapangwa dukani jirani na betri za tochi.

Ya kwanza niliiua. Niiseme tu, yaishe. Jumapili asubuhi nimezunguka Posta mpaka miguu inauma, watu wachache, barabara nyeupe. Nikamkuta kunguru ametua kwenye singe ya bunduki ya Sanamu ya Askari, ile ya shaba iliyosimama pale tangu 1927, kunguru ametazama huku, askari ametazama bandarini. Nikapiga. Nikapiga na mengine. Kamera hii husukumi mkono, unasogeza filamu kwa dole gumba kwa kigurudumu cha nyuma, na mimi nikawa nasogeza na kufurahi. Kihesabio kikafika 36, kikapita. Nikaona labda nimebahatika. Mkanda wa picha 36 ukizidi kutoa picha, bwana, usishukuru. Ni msiba.

Nikampigia baba mdogo.

"Ulipokuwa unasogeza, kile kishikio cha juu kushoto kilikuwa kinazunguka?"

"Kishikio gani?"

Akanyamaza kidogo. Halafu nikamsikia anamwambia mtu pembeni yake, "Amepiga hewa."

Ulimi wa filamu haukushika kwenye mhimili wake. Filamu nzima ilikuwa imelala palepale pa kuanzia, na mimi nimeibonyezea kitufe asubuhi nzima. Yule kunguru sijamwona tena. Nimepita pale mara tatu.

Kabla ya filamu ya pili nilikaa chini nijifunze umbali. Hii kamera haijui kitu kiko mbali kiasi gani. Unaiambia wewe, kwa kiwiko cha pembeni mwa lenzi chenye vituo vinne. Sentimita 80, mita moja na nusu, mita tatu, halafu huko kusiko na mwisho. Kila kituo kimechorewa alama yake, kuanzia watu hadi milima. Ukikosea, inakutolea ukungu na haikuambii kitu.

Sasa mimi nimekulia nyuma ya meza ya duka la kanga, Mtaa wa Uhuru. Ukiniambia nitazame mita moja na nusu kwa macho, sijui. Nitakutajia kitu chochote. Lakini ukiniambia kanga moja, najua hata gizani. Na kanga ina urefu gani? Mita moja na nusu. Doti, yaani zile mbili kabla hujazikata? Mita tatu. Nilipogundua hilo nilicheka peke yangu dukani, mteja akadhani namcheka yeye. Warusi wamekaa na barafu yao huko wakachonga kamera ya vipimo vya Mtaa wa Uhuru. Bado ile ya sentimita 80, na hiyo nayo ina dawa: wauza vitambaa wa zamani walipima wari kwa kuvuta kitambaa kutoka puani hadi ncha za vidole. Kunja vidole viwe ngumi, unapata karibu themanini.

Nilihakikisha kwa tepu. Nikachukua kanga tano za dukani: tatu zilikuwa sentimita 150 kamili, moja 148, moja 143. Kiwanda cha hiyo ya mwisho sikitaji, lakini anayejifunga nyonga anakijua.

Kwa hiyo filamu ya pili nimetoka nayo na kanga kwenye mkoba. Wa kwanza alikuwa kijana anayekunja vitenge mlangoni kwa jirani yetu, anakunja haraka mpaka mikono haionekani. Nikamwomba picha. Akasema sawa, kwani unataka nini. Nikampa pindo la upande mmoja ashike, mimi la upande wangu nikalibana kidevuni, tukavuta kanga mpaka ikanyooka, nikaweka kiwiko kwenye mita moja na nusu, kisha nikaiacha ianguke nikabonyeza. Mtaa mzima ukasimama kutazama. Mama mmoja akauliza kama tunapima kaburi. Picha hiyo kijana anacheka hadi jino la nyuma linaonekana, na kitenge kimemponyoka mkononi, kiko hewani.

Baada ya watu kama watano nilikuwa siihitaji tena kanga. Miguu imeshajua. Ila nilichokiona ni kwamba nilikuwa nasimama karibu na watu kuliko nilivyozoea kwa simu. Kwa simu unavuta picha ukiwa ng'ambo ya barabara, mtu hajui. Kanga moja ni umbali wa kuamkiana. Huwezi kusimama hapo kimya.

Nimepiga Mnazi Mmoja saa sita mchana, wakati kivuli cha mtu kiko chini ya viatu vyake. Nimevuka na pantoni. Upande wa Magogoni, jirani na Ikulu, kamera haikutoka hata mkobani, mimi si mtu wa kutafuta maelezo ya kutoa. Nimeitoa Kigamboni. Jioni nimerudi kijiweni kwetu wanapocheza drafti, na muuza kahawa akawa anazunguka na birika lake, makaa yanawaka chini, vikombe vinagongana mkononi. Nikachungulia, kitaa cha kulia kikawaka. Nikaegemea nguzo ya umeme na kuzuia pumzi. Mchana kamera hii inalia mara moja tu, kama mtu anayebofya kalamu. Kwenye giza inalia mara mbili: *tak*, jicho limefunguka, unasubiri, unasikia moyo wako mwenyewe, *tak*, limefunga. Katikati ya hizo tak mbili mcheza drafti mmoja alikuwa amekula kete tatu.

Kusafisha sasa. Studio niliyokuwa naijua mjini walinitazama kama nimewaletea kaseti. Mashine walishaiuza, dawa hawana siku nyingi. Nimesoma kwamba filamu inasafishika hata kwa kahawa ya unga na magadi ya kufulia. Wanafunzi na mwalimu wao wa chuo cha Rochester, Marekani, walilionyesha hilo mwaka 1995. Inasemekana kahawa ya robusta, ile ya bei ndogo, ndiyo inafaa zaidi, na hiyo Bukoba imejaa. Lakini kwa filamu ya rangi kahawa inakupa nyeusi na nyeupe tu, halafu kopo la Africafe la nyumbani kwetu mama analihesabu kwa vijiko. Nikampa filamu mtoto wa mama mkubwa anayekwenda Nairobi kila mwezi. Siku kumi na tisa nikakaa kama mtu aliyefanya mtihani.

Zilirudi kwenye simu kwanza, moja moja, WhatsApp inazungusha. Kati ya 36, nne ukungu, moja kidole changu mwenyewe, nyingine zote zimetoka.

Na zote zina giza pembeni.

Ila si sawasawa, na hapo ndipo nilipokaa nazo usiku mzima. Za Mnazi Mmoja mchana, giza ni kidogo, utepe tu kwenye pembe. Za jioni, pembe zimezama kabisa. Muuza kahawa yuko katikati ya duara la mwanga na dunia inaishia begani kwa wacheza drafti. Rangi nazo zina wazimu wake. Dukani kwetu kuna kisutu, ile kanga ya harusi nyekundu, nyeusi na nyeupe, nimeitazama tangu nina akili. Kwenye picha nyekundu yake imekuwa nyekundu ambayo kisutu chenyewe hakina. Bahari ya Kigamboni imekuwa ya bluu ya kalamu.

Baba mdogo ndiye aliyenifafanulia, kwa kutumia birika tupu. Lenzi ni fupi na pana, milimita 32, na imekaa karibu na filamu. Mwanga unaokwenda katikati unakwenda moja kwa moja. Unaokwenda pembeni unakwenda mshazari, safari yake ni ndefu zaidi, na sehemu yake inagonga kuta za lenzi yenyewe na kuishia njiani. Jua likiwa kali, kamera inabana tundu lake likawa dogo, mwanga unapenya katikati ya kioo tu, kwa hiyo pembe hazinyimwi sana. Mwanga ukipungua, tundu linapanuliwa, kuta zinaingilia kati, na pembe ndizo zinazokatiwa. "Ni mgao," akasema. "Katikati ya mji hawakati."

Mama yeye hakuhitaji birika. Nilimwekea picha mezani, juu ya rundo la kanga, akavaa miwani, akazipitia kama anavyopitia mzigo mpya. "Picha zako zina pindo," akasema. Kwa asiyekaa na kanga: pindo ni ule mpaka unaozunguka pande zote nne, mji ndio sehemu ya katikati, na jina ni yale maneno. Akairudia ile ya muuza kahawa. "Pindo zito, mji mdogo. Hii ingeuzika." Akaigeuza nyuma. "Jina liko wapi?"

Ninachokiona kichekesho ni kwamba pindo hilo ndilo limeiokoa kamera yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana wa Vienna, Austria, walikutana nayo, wakapenda giza lake na rangi zake za kupitiliza, na mwaka 1992 wakaunda chama chao. Kamera ikaendelea kutengenezwa Urusi hadi 2005, na mwaka uliofuata ikaja LC-A+, inayotengenezwa Uchina. Watu wanatoa fedha nzuri kununua kosa lile lile lililomfanya baba mdogo asialikwe kwenye ubarikio wa mtoto wa dada yake mwenyewe. Nilipomweleza alisonya tu.

Lakini maneno yake ya mgao yalinikaa. Nikamuuliza ile picha ya harusi aliipiga saa ngapi. Chini ya turubai, akasema, maharusi walichelewa saluni, saa kumi na mbili imeshapita.

Basi. Nikafanya jambo ambalo wenye akili hawafanyi na filamu ya bei ile. Nimepata nyingine, na nimepiga mlango wa duka letu mara mbili, nimesimama palepale, doti moja kutoka kizingitini: mara moja saa sita mchana, mara moja saa kumi na mbili jioni. Nilipojaza zaidi ya nusu nikairudisha nyuma mapema na kuituma Nairobi. Mlango wa mchana uko mzima mpaka bawaba. Mlango wa jioni una pindo.

Nikazichukua zote mbili, pamoja na ile ya 1989 kutoka albamu ya shangazi, nikapanda daladala hadi Mtoni.

Yule wifi tunamwita Mama Mtoni, sasa ana wajukuu. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, chai, habari za huko. Nikampangia picha tatu kwenye mkeka. Nikamweleza tundu, kuta, mgao. Alisikiliza vizuri kuliko nilivyotegemea. Akaishika ya mlango wa mchana mkono mmoja, ya jioni mkono mwingine, akazilinganisha muda mrefu, kisha akaichukua ya harusi akaisogeza karibu na macho, pale kushoto, kwenye gauni la kijani.

"Kwa hiyo si kaka yao."

"Si yeye, mama. Ni saa kumi na mbili."

"Wangewahi saluni."

"Wangewahi, ungetoka vizuri."

Akaziweka chini. "Hiyo kamera umekuja nayo?"

Nilikuwa nayo, na filamu mpya ndani, na kishikio cha kushoto nimeshakihakikisha kinazunguka. Akaingia ndani. Alikaa dakika ishirini. Alipotoka amevaa gauni la kijani, si lile, jipya, na mtandio, na wanja. Akaweka kiti chake katikati ya ua, akakisogeza kidogo, akaniuliza hapa ndipo katikati? Nikachungulia. Kulia kidogo, mama. Hapo hapo.

Saa ilikuwa kumi na moja na nusu, jua limeshakwenda nyuma ya ukuta. Nikatoa kanga, nikampa pindo lake ashike, tukavuta. Wajukuu wakaja mbio wote kujipanga pembeni, wakubwa kushoto, wadogo kulia, mmoja akaanza kujisukuma aje karibu na kiti.

"We, rudi huko," akamwambia bila kugeuza shingo. "Simameni huko huko pembeni."

Kitaa cha kulia kikawaka. Nikamwambia asipumue. *Tak*, tukasubiri, *tak*.

Kihesabio kinasoma 22. Zimebaki kumi na nne kabla filamu haijapanda basi la Nairobi, na kila nikipita Posta natazama juu ya ile singe.